Kutembea Mashamba ya Chai ya Amani na Watoto kwa Siku Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Naishi Tanga mjini. Kila likizo ya shule inapokaribia, simu yangu haitulii: jirani, wifi yangu, mwalimu wa madrasa ya wanangu, wote wanataka kujua habari za Amani. Wamesikia kwamba tunapanda na watoto asubuhi, tunatembea kwenye chai na msituni, na jioni tunalala kwetu. Maswali yao ni yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyowajibu barazani.

Amani iko wapi hasa, na siku moja inatosha?

Iko Wilaya ya Muheza, juu ya milima ya Usambara Mashariki. Siku hizi watu wakisikia Usambara huwaza Lushoto tu. Lushoto ni Usambara Magharibi, ng'ambo ya bonde la Lwengera, na safari yake ni nyingine kabisa.

Siku moja inatosha kwa mtu wa Tanga, Muheza, Pangani au Korogwe, ila lazima uamke. Sisi tukishaswali alfajiri tunaondoka. Tanga mpaka Muheza ni lami, hata saa nzima haifiki. Kutoka Muheza ndipo kazi inapoanza: kilomita thelathini na ushei za barabara ya udongo, kwanza katikati ya michungwa na minazi, kisha mlima. Ukisimama Sigi, kwenye geti la hifadhi ya msitu wa Amani, kujiandikisha, ukapanda zile kona taratibu, saa 3 asubuhi mko juu kwenye baridi.

Kwa anayetoka Dar es Salaam jibu langu ni hapana. Ni zaidi ya kilomita 300 kabla hujaanza kupanda mlima. Watoto watafika wamechoka na watarudi wamelala, hawakuona kitu. Lala Tanga au Muheza, au chukua chumba Sigi au Amani kwenye nyumba za wageni za hifadhi.

Gari dogo linafika?

Kiangazi, na dereva mwenye subira, linafika. Lakini nitawaambia yaliyotupata. Mara ya kwanza tulikwenda mwezi wa Aprili, kwa sababu ndipo mume wangu alipopata ruhusa kazini. Baada ya Sigi mvua ikashuka. Kwenye kona moja gari likaanza kurudi kinyumenyume lenyewe, matairi yanazunguka, matope yanaruka mpaka kwenye vioo. Mtoto wangu wa mwisho, alikuwa na miaka minne, alinishika shingo asiniachie. Vijana waliokuwa wakipita na mizigo ya ndizi waliitua, wakakata matawi na kuyatandika chini ya matairi, wakatusukuma. Hawakutaka hela mpaka tulipowabembeleza.

Tangu siku hiyo tunakodi gari la juu, tunachangiana familia mbili. Kama huna gari, yapo magari ya abiria ya kutoka Muheza, lakini yanafuata ratiba ya watu wa mlimani, ambao hushuka asubuhi na kupanda mchana. Wewe unataka kinyume chake, kwa hiyo kwa safari ya kwenda na kurudi yatakusumbua. Bodaboda na watoto kwenye zile kona, tafadhali usithubutu.

Mwezi gani ni mzuri?

Juni mpaka Septemba, au Januari na Februari. Masika ya Machi hadi Mei muyaache kabisa. Vuli inategemea. Hata kiangazi, beba koti la mvua: Amani hunyesha wakati Muheza jua linawaka.

Tunaruhusiwa kupita katikati ya chai?

Swali hili huulizwa na wachache, na natamani liulizwe na wote. Chai ya Kwamkoro, Bulwa, Monga na Derema ni mashamba yenye wenyewe, na kila mstari una mtu anayeutegemea. Katika mashamba hayo zimepita barabara na njia za miguu ambazo wanakijiji huzitumia kwenda shule, zahanati na sokoni. Ukiwa na mwongoza wageni wa hifadhi anajua ipi inapitika. Fuateni hiyo hiyo, msikatishe kwenye mistari. Shamba linaweza kuwa limetiwa mbolea au dawa juzi, na mtoto akipita humo anapukusa vichomozi vipya ambavyo ndivyo mtu alikuwa anangoja kuvichuma wiki ijayo.

Wachumaji ni watu wazima walio kazini. Watoto wangu wanajua kwamba hapo shikamoo zinatoka kabla ya swali lolote. Kwa wazee wa Kisambaa ukisema "onga makeo" asubuhi utaona uso unavyofunguka, ingawa wengi kwenye mashamba haya wana asili ya mikoa mingine kwa sababu babu zao walikuja kutafuta kibarua. Picha usipige mpaka uombe. Nimeona watu wameshuka kwenye gari, wamesimama mbele ya mama aliyeinama na tenga mgongoni, wakapiga picha wakaondoka bila hata salamu. Iliniuma. Analipwa kwa uzito wa majani, kila dakika anayokupa imetoka kwenye kilo zake. Akikubali kuzungumza nawe, mshukuru, na usimkalishe.

Watoto wataona nini kwenye chai? Si majani tu?

Hapa ndipo ninapopapenda mimi, kwa hiyo nivumilieni.

Kwanza waulize: mche wa chai una urefu gani? Watasema unafika kiunoni, kwa sababu ndivyo wanavyouona. Kumbe ni mti. Ukiachwa unapanda juu mita nyingi na kutoa maua meupe yenye kitovu cha manjano. Unabaki mfupi kwa sababu unapogolewa kila baada ya miaka michache na kuchumwa mfululizo, mpaka juu panakuwa bapa kama meza iliyotandikwa. Pembezoni mwa mashamba mara nyingine kuna miche iliyosahaulika ikawa miti. Watoto wakionyeshwa huo na ule, wanabisha.

Pili, ncha. Mwombe mwongozaji awaonyeshe chipukizi moja. Katikati kuna kichomozi kimejikunja kama sindano, kina vinyweleo vyeupe laini ambavyo lazima ukilete karibu na jicho ndipo uvione. Chini yake jani la kwanza, changa, linang'aa. Halafu la pili. Hapo basi. Jani la tatu kwenda chini ni gumu, chai yake si nzuri. Majani mawili na kichomozi: ndiyo kazi yote, tangu asubuhi mpaka jioni. Mchumaji mzoefu hatazami mkono mmoja mmoja. Mikono yote miwili inatembea juu ya meza, vidole vinavunja, unasikia tak, tak, tak, na viganja vikijaa vinarushwa nyuma ya bega moja kwa moja tengani. Wengi hujifunga plastiki nzito kiunoni, maana umande wa saa moja asubuhi unalowesha mpaka mapaja na matawi yanachana nguo. Mstari huohuo utachumwa tena baada ya wiki moja au mbili.

Tatu, hesabu, kwa wale wa darasa la nne kwenda juu. Kilo moja ya chai kavu inahitaji kilo nne hadi tano za majani mabichi. Nilimpa binti yangu pakiti ya gramu 250 aliyozoea kuiona jikoni, nikamwambia apige hesabu ya majani yake mabichi. Alipopata kilo moja na zaidi, akachukua chipukizi lile tulilopewa, akaliweka kiganjani, akawa analipimapima uzito wake kama anayeogopa litapeperuka. Alikaa kimya muda mrefu kwa mtoto wa umri ule.

Mdogo wake alilitafuna. Lilimkereketa ulimi, akalitema, akasema hii si chai. Na kweli bado haijawa. Majani yakifika kiwandani hunyaushwa kwanza, kisha husagwa na kukatwakatwa, huachwa yapigwe na hewa mpaka yageuke rangi ya shaba, halafu hukaushwa kwa moto. Ile harufu tunayoijua huzaliwa humo.

Kiwandani tunaweza kuingia?

Kwa kibali cha uongozi wa shamba, na ukiomba mapema, si siku ileile. Viwanda vya chai husimama kwa vipindi, kwa hiyo uliza kwanza kama kinafanya kazi. Watoto wadogo siwashauri, mitambo ni mingi na kelele ni kubwa. Mkipita nje tu mtaona magogo ya mikaratusi yamepangwa: ndiyo kuni za kukaushia, na ndiyo sababu ya yale mashamba ya miti mirefu mnayoyaona katikati ya chai.

Chai ilifikaje huku?

Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na bustani yake ya mimea ni kati ya zile kubwa kabisa barani Afrika. Walileta miti na mazao kutoka kila pembe ya dunia kujaribu kipi kitakubali. Chai ya kwanza nchini ilijaribiwa hapa miaka hiyo ya mwanzo, kilimo cha biashara kikaja kuanza 1926. Walipanda pia mkwinini, na Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia za baharini, kwinini ya askari wao ilitengenezwa kwa magamba ya miti hiyo. Baadaye, chini ya Waingereza na hata baada ya Uhuru, Amani iliendelea kuwa kituo cha utafiti wa malaria. Mkitembea bustanini mtakuta baadhi ya ile miti ya kigeni bado ipo, minene ajabu, na majengo ya zamani yenye mapaa yaliyoota kuvu.

Mengine hayakuhitaji kuletwa. Lile ua dogo la zambarau ambalo Ulaya na Marekani watu huliweka dirishani kwenye vyungu, asili yake ni kwetu. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire alilikuta Usambara, likapelekwa kwao, likapewa jina lake: Saintpaulia. Linaota kwenye miamba yenye kivuli karibu na vijito. Mwongozaji atawaonyesha. Msilichume hata moja, porini yamebaki machache.

Tutembee wapi, na kwa muda gani?

Mimi naigawa siku mara mbili. Asubuhi, watoto wakiwa na nguvu, tunapanda kilima cha Mbomole kupitia msituni. Kwa mwendo wa watoto, pamoja na kusimama kwa kila konokono, hesabu saa moja na nusu kupanda. Juu mnaona mabonde ya msitu yamejaa ukungu na, pale msitu unapoishia, chai inaanza, kijani cha namna nyingine, kama mtu amekichana na kitana. Mchana baada ya kula tunatembea barabara ya chai upande wa Monga au Derema, ambayo ni tambarare kiasi, na watoto wanaweza kukimbia.

Kuna njia ya miguu ya kutoka Sigi mpaka Amani. Sigi iko kama mita 450 juu ya usawa wa bahari na Amani karibu mara mbili yake. Kwa vijana ni nzuri sana. Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi, ukiijumlisha na safari ya gari ya siku hiyohiyo, ni kumtesa.

Mtoto mchanga beba kwa mbeleko. Kigari cha kusukuma kiache nyumbani.

Mama mkwe wangu ana magoti. Aje?

Aje! Wangu huja. Anakaa bustanini chini ya miti na thermosi yake, au tunamteremsha kwenye barabara ya chai anatembea kwa fimbo hatua zake mia mbili. Yeye ndiye aliyewasimulia wanangu jinsi walivyokuwa wakipima majani kwa mizani ya kuning'iniza, karani anaandika kwenye daftari na kila mtu amekodoa macho kwenye sindano ya mizani. Hakuna mwongozaji ambaye angewapa hilo.

Kwa nini huku kuna ukungu mwingi hivi?

Milima hii iko karibu na pwani. Upepo wa Bahari ya Hindi unakuja umebeba unyevu, unagonga mlima, unapanda, unapoa, unakuwa wingu. Msitu unalinasa wingu na kulishusha polepole. Chai inaupenda ubaridi na unyevu huo, ndiyo maana inakaa ubavuni mwa msitu.

Lakini kwa sisi wa Tanga kuna jambo kubwa zaidi. Vijito mtakavyoviruka huko juu vinaingia Mto Zigi, Zigi unateremka mpaka bwawa la Mabayani, na kutoka Mabayani maji yanakuja kwenye mabomba ya mjini. Msitu ukikatwa kwa ajili ya mbao, au kingo za mito zikilimwa, tope lile linakuja kwetu. Nawaonyesha wanangu kijito chenyewe, nawaambia wachote kwa kiganja wanawe uso. Ni baridi mpaka wanapiga kelele. Kisha nawaambia: haya maji mnayaoga kila siku nyumbani. Hawakuamini mpaka nilipowachorea mto wote mchangani kwa kijiti.

Kuna wanyama? Wa hatari?

Simba na tembo hakuna. Kuna mbega weusi wenye mabega meupe, kima, vinyonga wa namna nyingi, vipepeo wengi kupita kiasi, na hondohondo. Hondohondo utamsikia kabla hujamwona: mabawa yake yanapiga hewa vuu, vuu, vuu, mtoto asiyejua anadhani ni mashine. Waambie watoto wanyamaze dakika tano tu chini ya mti wenye matunda.

Nyoka wapo kama msitu wowote. Tembeeni njiani, mtu asitie mkono kwenye shimo wala chini ya gogo, na mwongozaji awe mbele. Kinachotusumbua kwa kweli ni siafu. Ukiona mstari mweusi umekata njia, ruka, usisimame. Mtoto akivamiwa, mvue suruali papo hapo bila aibu, muanze kuwatoa mmoja mmoja.

Mbu: huku juu ni wachache, Muheza na Sigi ni wengi. Mpake mtoto dawa ya mbu mapema. Akipata homa wiki moja au mbili baadaye, mpeleke akapimwe malaria siku hiyohiyo.

Tuvae nini, tubebe nini?

Suruali ndefu zilizoingizwa ndani ya soksi, raba zenye meno au gambuti, sweta. Ndiyo, sweta. Watoto wa Tanga hawaamini mpaka wafike. Nguo za kubadilisha ziache garini, na kanga mbili za ziada, ambazo zinakuwa taulo, mkeka, mbeleko na pazia la kubadilishia. Maji ya kunywa ya kutosha. Pesa taslimu kidogo, kwa kuwa mtandao wa simu hukatikakatika.

Chakula?

Beba. Sisi hubeba chapati, mayai ya kuchemsha, mihogo ya kuchemsha na ndizi mbivu. Vijijini mtapata chai ya rangi yenye iliki na maandazi, na iliki ya Amani ni ya hapohapo, inalimwa kwenye vivuli. Kaeni mnywe kikombe kimoja mkiwa mnatazama shamba ilikotoka chai. Watoto waliokwisha kupita kwenye mistari hunywa taratibu siku hiyo. Takataka zote rudini nazo mjini.

Malipo yakoje?

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na ilitangazwa hifadhi mwaka 1997. Kuna kiingilio na malipo ya mwongozaji. Raia wa Tanzania hulipa kidogo kuliko wageni, kwa hiyo beba kitambulisho. Viwango hubadilika, piga simu ofisini kwao kabla, na ulipe kwa namba ya malipo ya serikali, udai risiti. Asikudanganye mtu kwamba mwongozaji ni anasa. Ni mwenyeji, anajua njia, na mkimwuliza vizuri anawajua wachumaji kwa majina.

Hatuko Tanga. Kuna kwingine?

Iringa mna Mufindi, Mbeya mna Rungwe, na chai yake ni nzuri kutembea. Wa Nairobi wana Limuru, ambako chai ya Kenya ilianza kupandwa mwaka 1903, na ni karibu kiasi kwamba unaweza kuondoka baada ya kifungua kinywa. Ila kuipata chai na msitu wa kale vimegusana namna ile, mimi bado sijaona pengine.

Saa ngapi tuanze kushuka?

Saa 9 alasiri, muwe mmeshapanda gari. Msituni giza huingia mapema na ukungu wa jioni hufunika kona, dereva haoni mbele. Muheza simameni mnunue machungwa ya nyavu kando ya barabara, mtoto aliyechoka akipewa chungwa lililomenywa huwa hana maneno. Magharibi mko nyumbani. Viatu mvioshe usiku uleule, udongo mwekundu wa kule ukikauka hautoki kirahisi.